Potasiamu 9.4 na mzee anakunywa chai

Ilikuwa saa nane usiku, shifti ya naiti, kwa benchi tuko mimi na mashine peke yetu na redio ya soja inasikika kwa mbali kule getini, ndio majibu ya mzee mmoja wa wodi ya wanaume yakatoka. Potasiamu 9.4. Nikafikicha macho nikaangalia tena juu saa hizo macho si ya kuaminiwa, bado ni 9.4. Mtu mzima mwenye afya anafaa kucheza kati ya 3.5 na 5 hivi, ikipita 6 sisi tunaanza kushika simu, ikifika 7 daktari anakimbia, sasa 9.4 huyo mtu moyo wake unafaa kuwa unapiga kama injini mbovu ya matatu inapanda mlima, ama umeshazima kitambo.

Nikapiga simu wodini, nesi akashika, nikamuuliza mzee wa kitanda cha kumi na moja anaendeleaje.

"Si huyu hapa amekaa anakunywa chai. Ananiitisha sukari nimemnyima."

Nikamwambia asipewe kitu chochote kwanza, nakuja. Kabla nipande ngazi nikapitia yale majibu mengine. Walikuwa wameitisha UEC (urea, chumvi za damu na kreatinini, za kuangalia figo), kalsiamu na zile za ini. Sodiamu 139, haina neno. Urea sawa, kreatinini sawa, na kama figo ziko sawa na ni figo ndizo hutoa potasiamu mwilini, basi hiyo 9.4 imetoka wapi? Kalsiamu ndio ilinichekesha: 0.6. Kawaida ni kama 2.1 mpaka 2.6. Mtu wa 0.6 vidole vinajikunja vyenyewe, misuli inakaza, anashikwa na degedege, hawezi kushika kikombe cha chai alafu alalamike sukari ni kidogo. Na ALP, ile enzaimu ya ini na mifupa, imeshuka karibu iguse sakafu. Potasiamu juu, kalsiamu chini, ALP chini, mgonjwa mzima. Mtu yeyote amekaa maabara miaka miwili mitatu akiona hizo pamoja anajua zambarau imeingia kwa nyekundu.

Wacha nieleze hiyo zambarau kwanza, manake najua wengi mkitolewa damu mnaona zile chupa za rangi rangi mnadhani ni urembo, kuna dem aliniambia siku moja "hio ya pinki iko wapi, mi napenda pinki". Rangi ya kifuniko ni ya kutuambia ndani kuna nini. Chupa inaonekana tupu lakini nyingi si tupu, kuna unga umepakwa kwa ukuta ama matone kidogo chini, na hio dawa imewekwa makusudi ili damu ifanye kitu fulani ama isifanye. Ile ya zambarau ina EDTA. EDTA inanasa kalsiamu venye ulimbo unanasa ndege, na damu bila kalsiamu haiwezi kuganda, kwa hivyo inabaki majimaji na mashine ya hemogramu inaweza kuhesabu chembe moja moja. Kwa hio kazi hakuna kitu kizuri kama EDTA. Shida ni kwamba EDTA haiwekwi kavu kavu peke yake, inawekwa kama chumvi ya potasiamu, zinaitwa K2 ama K3, yaani kila EDTA moja imebeba potasiamu mbili ama tatu mgongoni. Sasa chukua hio damu uimimine kwa chupa nyekundu ya kupima chumvi za mwili: potasiamu ya chupa inahesabiwa kama potasiamu ya mzee, kalsiamu ya mzee imenaswa mashine haiioni, na ALP ambayo inahitaji zinki na magnesiamu ndio ifanye kazi inakuta zote mbili zimeshikwa, inalala.

Kufika wodini nikakuta CO, yaani clinical officer, ameshatoa insulini kwa friji, na simlaumu hata kidogo, namba kama hio ukiiona unatembea mbio, kwanza kalsiamu ya mshipa kulinda moyo, alafu insulini na glukosi kusukuma potasiamu irudi ndani ya chembe. Lakini ukimpa insulini mtu ambaye potasiamu yake ni ya kawaida unaishusha mpaka moyo uanze kucheza ngoma yake, na sukari nayo inaweza kuanguka. Yaani ugonjwa ambao hakuwa nao ndio tungemwekea sisi wenyewe.

Nikauliza nani ametoa damu. Kijana mmoja intani, mpole sana, akainua mkono kama yuko darasani. Mishipa ya mzee ilimsumbua, akatumia bomba la sindano, akapata kama mililita tano, akajaza zambarau kwanza kwa sababu ilikuwa karibu, kufika nyekundu damu imeisha. Akafungua vifuniko vyote viwili akamimina kidogo. Nikamwangalia. Akaniambia, "Madam, si damu ni ya mtu mmoja?"

Unajua ukiifikiria iko na mantiki kabisa. Ni damu ya mtu mmoja. Sikuweza kumkasirikia. Tukatoa upya mkono ule mwingine, nyekundu ikatangulia, dakika arobaini baadaye potasiamu 4.2 na kalsiamu 2.3. Mzee akalala. Kuhusu ile sukari sijui kama alipewa.

Sasa hio ilikuwa rahisi. Hio 9.4 imekuja na ngoma na tarumbeta, inajitangaza yenyewe kwamba ni uongo. Mimi yenye huninyima usingizi ni ile ya kiasi, tone moja tu la zambarau limegusa ncha ya sindano, ama bomba limeguswa na ukingo wa chupa wakati wa kujaza. Potasiamu inapanda kidogo tu, kalsiamu inashuka lakini inabaki ndani ya renji, hakuna mashine itapiga kelele. Na mbaya zaidi ni mgonjwa amehara siku nne ama yuko kwa dawa za kukojoza maji, potasiamu yake ya kweli ni 2.6, hio ni hatari kubwa ya moyo, alafu EDTA kidogo inamsukuma mpaka 3.9. Majibu ya potasiamu yanatoka masafi kabisa hata hakuna nyota ya onyo kando yake. Nani atapiga simu kwa 3.9? Kuna maabara kubwa duniani zinapima EDTA yenyewe ndani ya serumu, yale maji ya damu yanayobaki chembe zikitengwa, kukamata hizi ndogo ndogo, sisi wengine tunategemea pua.

Kidogo hapo kati juu najua kuna mtu wa maabara anasoma hii anataka kuniuliza, ndio, potasiamu pia hupanda chembe zikipasuka, mtu akivuta damu kwa nguvu ama akiisukuma kupitia sindano nyembamba. Lakini hio ukishaspini, yaani ukizungusha chupa kwa mashine chembe zishuke chini, unaiona, serumu inatoka nyekundu kama maji ya zabibu, na kalsiamu haiguswi sana. Na damu ikilala kwa friji usiku bila kuspiniwa potasiamu inavuja kutoka ndani ya chembe bila hata kupasuka, serumu safi, namba juu. Ya EDTA pia serumu ni safi, rangi ya majani makavu, huwezi kuiona kwa macho hata uvae miwani mbili.

Twende kwa sukari juu hii ndio inagusa watu wengi zaidi na hakuna mtu huiongelea. Chembe za damu ni hai hata zikiwa kwa chupa, zinaendelea kula. Damu ikikaa bila kuspiniwa kwa joto la kawaida sukari inashuka kama asilimia 5 mpaka 7 kila saa. Ndio maana kuna chupa ya kifuniko cha kijivu, ndani kuna sodiamu floraidi ya kuzima ulaji huo, na potasiamu oksaleti ya kuzuia kuganda. Kuna jirani yangu hapa Umoja, mzee wa duka, alikuwa anakojoa usiku mara tano, kiu haishi, mwili unapungua. Akaenda kliniki moja ndogo kule mbele akapimwa asubuhi kabla ya kula, akaambiwa 6.1, ati punguza soda utakuwa sawa. Kumbe hio kliniki haina mashine, inakusanya damu asubuhi yote kwa chupa nyekundu alafu rider wa boda anabeba mkoba mzima saa tano kupeleka maabara nyingine, na siku hio Outering ilikuwa imeshikana vile unaijua. Mimi nikapiga hesabu kwa kidole tu: saa tatu kwa chupa isiyo na floraidi, asilimia 6 kila saa, 7.3 inakuwa kama 6.1. Na 7.0 ndio mstari wa kusema huyu ana kisukari. Sikuwa na uhakika ndio hio ilifanyika, nikamwambia tu njoo tupime tena na chupa ya kijivu na tuspini hapo hapo. Ikatoka 7.6, tukarudia wiki iliyofuata 7.4. Miezi yote hio alikuwa anatembea na kisukari mfukoni na karatasi inasema yuko sawa.

Na hata kijivu yenyewe si malaika. Floraidi inazima enzaimu moja inaitwa enoleisi ambayo iko karibu mwisho wa ule mnyororo wa kula sukari, kwa hivyo hatua za mwanzo zinaendelea kama kawaida mpaka zijazane, saa moja ama mbili za kwanza sukari bado inashuka karibu sawa na chupa isiyo na kitu. Baada ya hapo ndio inasimama. Kwa hivyo ukisikia "iko kwa floraidi, haina haraka", mwambie ina haraka, kaspini, ama weka kwa barafu. Siku hizi kuna chupa zingine zimeongezwa sitrati ya kuifanya damu iwe na asidi kidogo, hizo zinazima mwanzoni kabisa, ni nzuri lakini sijaziona nyingi mitaani kwetu. Na tafadhali usipime chumvi kwa kijivu, ndani kuna sodiamu na potasiamu zote mbili, utashangaa.

Ya bluu nayo ni ya kupima damu inavyoganda, PT, INR, hizo. Ndani kuna sitrati majimaji, na hapa kipimo ni cha lazima: sitrati sehemu moja, damu sehemu tisa. Kuna mstari kwa chupa. Si pambo. Ukijaza nusu, sitrati inakuwa nyingi kuliko damu, na sisi kwa mashine tunaongeza kalsiamu kiasi maalum kuianzisha damu igande, sasa sitrati iliyobaki inaila hio kalsiamu, damu inachelewa kuganda, INR inatoka juu. Mama wa warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, ambaye amebadilishiwa valvu ya moyo anaambiwa dawa imezidi, anapunguziwa, na damu yake ya kweli ilikuwa sawa ama hata nzito. Wiki mbili baadaye donge limepanda kichwani. Nimekataa chupa za bluu zilizojaa nusu nikatukanwa, nikaambiwa maabara ni ya wavivu, ati mgonjwa ametolewa damu mara tatu leo. Nitakataa tena kesho. Na kuna watu damu yao ni nzito sana kwa chembe, hematokriti juu ya asilimia 55, hao hata ukijaza mpaka mstari plazma yao ni kidogo kuliko kawaida, sitrati inazidi tu, inabidi sitrati ipunguzwe kwa chupa yao.

Kijani ni heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Kuna ya lithiamu na kuna ya sodiamu, na rangi ni moja tu ya kijani, soma lebo. Mgonjwa wa akili anayetumia lithiamu ukimtoa damu kwa chupa ya lithiamu heparini unapima dawa ya chupa, inaweza kuonyesha lithiamu ya kiwango cha sumu kwa mtu hajawahi kumeza hata kidonge kimoja. Nishawahi kuona fomu imeandikwa vizuri kabisa "kiwango cha lithiamu" na chupa imekuja ya kijani. Nilikaa chini kwanza.

Alafu ile ya njano yenye jeli, inapendwa sana juu ukispini jeli inapanda katikati inatenga serumu na chembe, ni safi, haina kazi nyingi. Lakini kuna dawa zingine jeli inazinywa polepole, fenitoini ya kifafa ni moja, ukiacha serumu imekalia jeli masaa mengi kiwango kinatoka chini kuliko ukweli. Sasa daktari anaona iko chini, anaongeza dozi, mtoto anaanza kuyumba kama mlevi macho yakicheza na kila mtu anasema dawa imemkataa.

Kuna wakati niliona hii mambo ni ya sisi tu, ya kukimbizana na upungufu wa vitu. Kumbe hapana. Kuna chupa zilikuwa na ile kitu kama sabuni inayopakwa ndani ili damu isishike ukuta, ikapandisha T3, homoni ya tezi ya shingo, kwa mashine fulani, watu wazima wakaonekana wana tezi inayokimbia mbio. Na mwezi wa Mei 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa kule Marekani, ilitoa onyo kwamba mashine za aina moja za kupima sumu ya risasi, yale madini ya kwa betri, si ya bunduki, zinasoma chini damu ikitolewa kwa mshipa. Walipochimba wakapata shida inatoka kwa mpira wa kifuniko, mpira! Kulikuwa na kemikali ya kukazia mpira inaitwa thairamu, inatoa gesi kidogo kidogo ndani ya chupa iliyofungwa, gesi inaingia kwa damu, inashikana na risasi, mashine haiioni tena. Watoto wadogo wakaitwa kupimwa upya. Nilipoisoma hio nikafikiria Owino Uhuru kule Mombasa, ule mtaa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri, watu walioenda kortini na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi kama hio inategemea sana namba za damu. Fikiria mama anasema mtoto wangu ana risasi kwa damu na kifuniko cha chupa kinasema hana.

Kwa hivyo unaona kitu kinachonisumbua. Fenitoini inasoma chini, risasi inasoma chini, sukari inasoma chini, potasiamu ya 2.6 inasoma kawaida. Namba ya ajabu kila mtu anaishuku. Namba nzuri haina mtu wa kuiuliza maswali, inawekwa kwa faili, mgonjwa anaambiwa nenda nyumbani.

Ndio maana kuna ule mpangilio wa kujaza chupa tunaofundishwa mpaka tunauimba: za kalcha (za kuotesha vijidudu) kwanza, alafu bluu, alafu nyekundu ama njano, kijani, zambarau, mwisho kijivu. Yaani zile dawa mbaya kwa wengine ziko nyuma, ili hata zikibaki kwa sindano zisiwe na mtu wa kumharibia. Intani wote wanaujua kwa mtihani. Mimi nikiulizwa maoni yangu, ukitumia sindano ile ya kisasa inayovuta yenyewe kwa vakyumu na mkono wa mgonjwa umeshuka chini, kuvuka kutoka chupa moja hadi nyingine ni kidogo mno, kuna watafiti wamejaribu wakageuza mpangilio makusudi na hawakuona tofauti ya maana. Uharibifu mkubwa niliouona kwa macho yangu unatoka kwa bomba la sindano na kumimina. Mtu anafungua kifuniko. Ukishaona mtu amefungua kifuniko jua kuna hadithi inakuja. Lakini mpangilio ushike tu, haukugharimu kitu, na siku vifaa vimeisha ukarudi kwa bomba utakuwa umezoea.

Na kuchanganya, hebu niseme haraka: chupa ikishajaa igeuze polepole, zambarau mara nane mpaka kumi, bluu mara tatu nne, usiitikise kama unachanganya juisi ya Quencher. Usipogeuza inaganda kwa kona na pletileti, zile chembe ndogo za kuziba mahali damu inavuja, zote zinanaswa kwa lile donge, ukitikisa sana chembe zinapasuka.

Nimetaja pletileti kwa sababu nilitaka kufika kwa anti yangu.

Anti ni dada mdogo wa mamangu, anakaa Kayole, mwaka juzi alikuwa afanyiwe operesheni ya faibroidi. Kila kitu tayari, harambee imefanywa, hadi tumenunua gauni ya wodi. Hemogramu ikarudi pletileti 31. Kawaida ni 150 kwenda juu mpaka 400 na kitu, na hakuna daktari wa upasuaji atakufungua tumbo na 31, utavuja damu mpaka kwisha. Operesheni ikasimamishwa. Wakarudia, 27. Akaanza kuulizwa kama ana HIV, kama ana lupasi, kama anakunywa pombe ya mtaani, anti yangu ambaye hata shandi hajawahi onja, mtu wa kwaya. Wakaanza kuongea mambo ya kutoboa mfupa watoe uboho. Mamangu akanipigia analia, "wewe si ndio unafanya kazi na damu, mbona hufanyi kitu?"

Nikamuuliza anti kama akijikata anavuja sana. Akasema hapana. Fizi? Hapana. Ana alama nyekundu nyekundu miguuni? Hapana. Hedhi nzito ndio, lakini hio ni faibroidi. Nikaenda na chupa zangu, zambarau moja, bluu moja, nikamtoa damu jikoni kwake ugali ukiwa kwa moto. Nikatengeneza slaidi ya ile ya zambarau nikaweka kwa mikroskopu, na kule mwisho wa slaidi penye damu inaisha nikaziona, pletileti zimeshikana makundi makundi kama watu wa steji ya Ambassadeur jioni mvua ikinyesha. Mashine inahesabu kundi zima kama kitu kimoja ama inadhani ni chembe nyeupe, ndio maana hata WBC yake ilikuwa imepanda kidogo na hakuna mtu aliuliza kwa nini.

Kuna watu wachache, kama mmoja kwa kila elfu, wana kingamwili ambayo inashikanisha pletileti tu zikikutana na EDTA. Ndani ya mwili hakuna kitu, haileti ugonjwa, wala hawavuji damu, pletileti zao zinafanya kazi vizuri. EDTA ikiondoa kalsiamu, uso wa pletileti unabadilika kidogo, sehemu iliyokuwa imefichwa inajitokeza, na hio kingamwili inaishika. Inatokea ndani ya chupa peke yake, na kadiri inavyokaa ndio makundi yanaongezeka, hivyo unaweza pata 31 saa mbili asubuhi na 19 saa sita mchana damu ni ile ile.

Nikapima ya bluu: 192. Unazidisha na 1.1 kwa sababu sitrati ni majimaji, imeongeza damu maji sehemu moja kwa kumi, inakuwa 211. Pletileti mia mbili na kumi na moja, za kutosha kufungua matumbo mawili.

Nikaandika ripoti, nikapiga picha ya slaidi, daktari wake nampa heko alisoma mpaka mwisho na akanipigia kuuliza swali moja tu la maana, kama nimepima haraka baada ya kutoa. Operesheni ikafanywa wiki iliyofuata. Faili yake sasa imeandikwa kwa kalamu nyekundu juu kabisa, "pletileti: tumia sitrati". Anti mwenyewe haamini karatasi. Kila akienda kutolewa damu, hata iwe ni ya malaria tu, anamshika nesi mkono na kumwambia kwa sauti ya kwaya, "Mama, mimi damu yangu haipatani na zambarau," nesi anaguna, na watu wa foleni wanamwangalia wakidhani ni mambo ya kanisa.